Rimoti ya sauti au ya vitufe? Mimi nimeishi na zote mbili

Kwa ndugu aliyeuliza kama aongeze pesa apate TV ya kuamrishwa kwa sauti ama abaki na rimoti ya vitufe: mimi niko Umoja, Nairobi, huu mwaka wa pili nina hiyo ya sauti, na bado kidole ndicho kinafanya kazi kubwa.

Sauti hunifaa kwa kutafuta tu. Aliyewahi kuandika jina la kipindi kwa mishale, herufi moja moja, akapitiliza akarudi nyuma, anajua ile adha. Unabonyeza alama ya maikrofoni, unasema, basi. Lakini sema Kiingereza. Kwenye simu, Google ilileta Kiswahili cha kuandika kwa sauti tangu 2017, ila menyu ya lugha ya TV yangu Kiswahili haimo. Jumapili moja mke wangu alitaka mapishi ya pilau. Akasema "pilau", safi kabisa. Zikaja video za kushona mito ya kulalia! TV ilikuwa imesikia "pillow". Akarudia polepole, mito ikaongezeka. Tulikula chapati.

Mama akija kutoka Machakos ndiyo shughuli. Mara ya kwanza aliishika rimoti karibu na mdomo akanong'ona, "Samahani, niwekee taarifa za saa moja," halafu akangoja kwa adabu. Siku hizi nimepaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha kuwasha, na cha kuongeza sauti anakipata kwa kidole gumba bila miwani. Hataki kusikia habari za kuongea na mashine.

Jambo lingine ni intaneti. Maneno yako kwa kawaida hayafasiriwi ndani ya TV, hutumwa kwenye seva, yaani kompyuta za huko mbali, ndipo jibu lirudi. Stima ikipotea na kurudi, king'amuzi kinawaka mapema huku ruta bado inapepesa taa, na wewe umekaa unaongea na ukuta. Rimoti ya vitufe ya infraredi, yaani inayotuma mwanga usioonekana kwa macho, haina habari na ruta, mradi uielekeze mbele.

Na usiku, mtoto akishalala, nani atapaza sauti eti "punguza sauti"?

Ukiamua kununua, chagua ile ambayo maikrofoni iko kwenye rimoti na inasikiliza ukibonyeza tu. Kuna TV zenye maikrofoni yake zenyewe, zinangoja kuitwa muda wote. Hizo tafuta swichi ya kuizima. Kwangu watoto wakipiga kelele sebuleni hata hiyo ya kubonyeza hubabaika.

Rimoti ikipotea, kuwa macho. Nilinunua mbadala Luthuli Avenue, ina alama ya maikrofoni kama ya asili, kumbe ndani ni infraredi tupu: vitufe vyote vinafanya, maikrofoni ni pambo. Ya sauti huunganishwa na TV kwa bluetooth, kwa hiyo muulize muuzaji hilo kabla hujatoa pesa. Na ile ya infraredi ijaribu hapo hapo: ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Ukiona taa ndogo ya zambarau inamulika kwenye kioo, inatuma. Usipoiona, badilisha betri kwanza kabla hujagombana na mtu.