Jibu: Usinunue linki kwanza, mkuu. Nilivyoipandisha tovuti yangu ya kuku kwenye Google

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una tovuti ya ufugaji nyuki yenye miaka miwili, ukiandika "asali" Google hujioni hata ukurasa wa tano, na kuna mtu kakuahidi linki 500 za tovuti nyingine kuelekeza kwako ili upande, kwa laki tatu. Hiyo laki tatu naomba uishike kwanza.

Mimi nina tovuti ya kuku wa kienyeji na nilishanunua linki za namna hiyo. Zilitoka kwenye tovuti za kamari, za dawa za kupunguza mwili, na nyingine za lugha nisiyoijua. Wiki mbili za mwanzo nikapanda, nikawa nafungua simu kila saa kuangalia. Mwezi wa tatu nikaporomoka, na hata makala zilizokuwa zinasomwa zikapotea nazo. Kanuni za Google zinakataza waziwazi kununua linki ili kupandisha nafasi, na tangu 2012 walipoleta mabadiliko yanayoitwa Penguin, linki kama hizo ama hazihesabiwi ama zinakuponza. Kurudi nilipokuwa kulinichukua karibu mwaka mzima.

Kilichoniinua ni Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi watu wanavyomfikia kwa kutafuta, nayo ni bure. Fungua ripoti ya utafutaji, weka miezi 16, maana ndiyo kumbukumbu ndefu kuliko zote inayotunza, kisha soma maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea. Mimi miaka yote nilikuwa nagombania "ufugaji wa kuku". Kumbe watu walinifikia kwa "kuku anaharisha kijani", "kuku anakoroma usiku", "vifaranga wanaharisha damu dawa yake nini". Kwenye vichwa vyangu vyote nilikuwa nimeandika ugonjwa wa Newcastle, kwa sababu ndivyo vitabu vya mifugo vinavyosema. Wafugaji ugonjwa huohuo wanauandika kideri, au mdondo. Nilikuwa naandikia watu wasiokuwepo.

Nikaanza upya, dalili moja ukurasa mmoja. Fikiria mtu anayeandika "kuku anaharisha kijani" saa tano usiku. Ana kuku wanaokufa bandani, hana muda wa utangulizi wa aya nne kuhusu umuhimu wa ufugaji katika uchumi wa taifa. Kwa hiyo aya ya kwanza ikawa jibu lenyewe: inaweza kuwa kideri, inaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku, kideri ni kirusi na hakina tiba, kinga yake ni chanjo, tenga wagonjwa sasa hivi na asubuhi mwite mtaalamu wa mifugo. Chini yake nikaweka picha nilizopiga bandani kwangu na kueleza nilipokosea. Kila ukurasa wa dalili nikauwekea linki ya kwenda ukurasa mkuu wa magonjwa, kwa maneno yanayosema unakokwenda, si "bonyeza hapa". Baada ya miezi minane hivi ule ukurasa mkuu ukafika nafasi ya 6 kwa "magonjwa ya kuku", neno ambalo wenye tovuti kubwa wanaligombania kila siku. Sikuugusa ukurasa wenyewe. Watoto wake, zile kurasa za dalili, ndio walioubeba.

Jambo jingine ambalo sikulitambua mapema: nilikuwa na makala sita kuhusu chanjo, zote zinasema karibu yaleyale, na Google leo inaonyesha hii, kesho ile, hakuna inayopanda. Nikaziunganisha kuwa moja nzuri, zile anwani za zamani nikazielekeza huko moja kwa moja kwa elekezo la 301, yaani anayefungua anwani ya zamani anapelekwa kwenye mpya, na Google inajua umehama moja kwa moja. Usizifute tu, utapoteza hata linki chache za halali ulizonazo.

Na linki za halali zinakuja ukiwa na kitu cha kutumia. Nilitengeneza kalenda ya chanjo: unaingiza tarehe ya kutotolewa vifaranga, inakupa tarehe za chanjo ya kideri na ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku. Watu wa mifugo wakaanza kuiweka kwenye tovuti zao bila mimi kuomba.

Kasi: punguza picha. Zangu zilikuwa megabaiti 3 au 4 kila moja, zimetoka kwenye kamera ya simu vilevile zilivyo. Msomaji wako ana bando la kupima.

Sasa kwako. Achana na "asali" peke yake kwa mwaka huu, maana anayeiandika anaweza kutaka kununua, kupika au kutibu kikohozi, na wewe huwezi kuwajibu wote. Chukua "jinsi ya kutambua asali iliyochakachuliwa". Kurasa nyingi zinarudia kile kipimo cha njiti ya kiberiti na cha glasi ya maji, ambavyo haviaminiki. Wewe ni mfugaji, onyesha kwa picha jinsi unavyopima unyevu kwa rifraktomita, eleza kwamba kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi ni maji yasiyozidi asilimia 20, na kwa nini asali mbivu huganda bila kuwa imetiwa sukari. Hayo huwezi kuyanakili mahali, inabidi uwe na mizinga.

Ukipata nafasi usiku huu, fungua Search Console, chuja maneno yaliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20, uyabandike hapa. Nitayapitia moja moja na wewe.