Ukurasa wa 9

Wiki hii mmetuuliza: "Ujuzi wako wa kazi unaweza kuugeuza kitabu cha kusoma kwenye simu, au kozi, ukauza mtandaoni na hela ikaingia huku umelala?" Mie swali lenu nimelisoma nimemshika paka dume wa watu nampa dawa ya minyoo, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, nilipofika hapo pa "umelala" nkacheka peke yangu mpaka paka akanitoka mikononi akapanda juu ya kabati. Sasa na mie ntajibu, ila nawaambia mapema jibu langu litakwenda upande kidogo.

Kazi yangu nalea paka wa watu, hapa Fuoni, Unguja. Nimeanza na paka 2 wa jirani aliyekwenda Umra, leo nina vibanda 14 na uwa wa mbwa nyuma. Msimu wangu ni masika, mwezi wa 4 na wa 5, wakati watu wa hoteli wanalia hakuna wageni mie ndo nacheka, kwa sababu wale wazungu wanaoishi huku Paje na Nungwi na Fumba ndo wakati wanakwenda kwao, na paka hapandi nao ndege. Mbwa napokea lakini kwa masharti, kijana wangu ana vyombo vyao mbali na nguo ya kazi mbali, akipata mate ya mbwa anaosha mara saba moja kwa mchanga, mteja akishangaa namwambia ndo dini yetu na mbwa wako atakula vizuri tu usiwe na wasiwasi.

Basi 2020 ndege ziliposimama, nikabakiwa na paka 11 ambao wenyewe wamekwama kwao. Wengine walikuwa wanatuma hela, wengine wakapotea kabisa, na wateja wapya hakuna. Ndo hapo nikaingia huko mnakokusema. Nikanunua kozi ya dada mmoja wa Marekani kwa dola 27, inafundisha watu wa kazi kama yangu namna ya kutengeneza vitu vya kuuza mtandaoni, vitabu vya PDF, fomu za mikataba, orodha za kazi za kila siku, video fupi za mafunzo. Mwanamke anajua anachokisema, sitaki kumsengenya. Ila somo zima la nne lilikuwa la namna ya kumzoesha mbwa kuvaa viatu wakati wa theluji. Nililisikiliza mpaka mwisho maana nshalipia.

Nikaandika kitabu changu cha kulea wanyama. Kurasa 22, Kiswahili chetu hichi hichi, kijana wa dada yangu akanitilia jalada zuri na picha ya paka wa Forodhani anangoja mabaki ya mishikaki. Nikauza shilingi 5,000, mtu anarusha hela kwenye simu namrushia kitabu. Mwezi wa kwanza nikauza nakala 23. Mwezi wa pili 4. Mwezi wa tatu nikakikuta kitabu changu kwenye grupu la wazazi wa skuli, kimerushwa bure, jina langu limekatwa, na mtu kaandika chini "sambaza upate thawabu".

Hilo niliumia lakini nililimeza, wizi wa kitabu mtu unauzoea. Lililonifanya nikae leo niwaandikie ni jengine.

Ilikuwa baada ya Magharibi, mvua inanyesha, ikapigwa simu na namba siijui. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe, analia. Paka wake anatetemeka, anatokwa na mate, hasimami. Nkamuuliza kala nini. Hajala kitu. Kaumwa na nyoka? Hapana. Nkamwambia basi niambie leo mmemfanya nini, toka asubuhi, kitu kimoja kimoja. Akasema tumemuogesha tu dada yangu, kwa dawa ya kupe, kama ulivyosema kwenye kitabu.

Mie nilihisi tumbo limenishuka. Nikamwambia baba watoto washa vespa.

Njiani mvua inanipiga usoni nafikiria, mie nimeandika wapi umuogeshe paka kwa dawa ya kupe? Sijaandika. Ninavyokijua kitabu changu, ukurasa wa 8 juu kabisa kuna kichwa cha habari kwa herufi kubwa, KUPE NA VIROBOTO KWA MBWA NA MBUZI, halafu maelezo yanaendelea mpaka ukurasa wa 9, kiasi gani cha dawa kwenye ndoo ya lita kumi, unaanzia shingoni, usimuoshe tena baada ya hapo. Mbuzi niliwatia kwa sababu kila mtu huku ana mbuzi. Kumbe huyu mama hajapata kitabu, kapata skrinshoti, ukurasa wa 9 peke yake, shoga yake kamrushia na maneno "dawa ya kupe hii hapa". Kichwa cha habari kimebaki ukurasa wa 8.

Kwa asiyejua: dawa nyingi za kuogeshea mifugo, na hata baadhi ya zile za matone wanazotiwa mbwa mgongoni, ni za jamii ya pemethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa ini lake linaivunja ile dawa inatoka. Paka ini lake haliwezi, inabaki mwilini inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, ndo huo mtetemo, ikizidi degedege na kifo. Ni hadithi ile ile ya Panadol, kidonge kimoja tu cha kichwa ambacho wewe unakimeza na chai, paka kinaweza kumuua. Watu wanadhani paka ni mbwa mdogo.

Nimefika, wamemuweka sebuleni kwenye mkeka, paka mweupe ana doa jeusi kwenye jicho, masikio yanachezacheza kama mtu anayavuta na uzi. Ngozi ya mgongo inaruka. Unyoya bado umelowa na ukimnusa ile harufu ya dawa inakupanda kichwani. Nkawaambia leteni maji vuguvugu, si ya moto, na sabuni ya vyombo ile ya maji, maana dawa yenyewe ina mafuta na maji matupu hayaitoi. Tukamuosha kwenye beseni la kufulia. Mara ya kwanza povu lilitoka rangi ya maziwa. Tukamwaga, tukarudia, tukamwaga, tukarudia, mpaka harufu ikakata. Mtoto wa yule mama, wa kike, miaka saba au nane hivi, yeye ndo alikuwa anashika kichwa chake kisizame. Halii. Ananitazama tu. Halafu akaniuliza taratibu, "Bi mkubwa, si kitabu ndo kilisema?"

Sikumjibu. Mpaka leo nikiosha vyombo namsikia.

Tukamkausha kwa kanga mbili, tukamfunga na ya tatu kavu kwa sababu akipata baridi mtetemo unazidi, na pia usimpashe sana kwenye moto. Daktari wa mifugo ninayemtegemea nilikuwa nshampigia toka njiani, akaja saa 3 usiku na sindano ya kutuliza, akasema mmefanya vizuri kumuosha, sasa tungoje. Tukangoja. Mie nililala pale kwenye mkeka na nguo zangu mbichi. Paka alitetemeka usiku kucha, kesho yake alasiri ndo akaanza kuinua kichwa, siku ya pili akala dagaa. Kapona. Alhamdulillahi kapona, angekufa nadhani ningeacha kazi.

Nimerudi nyumbani nikakifuta kitabu. Nikaandika kwenye status, siuzi tena. Na kwa miaka kama mitatu mtu akiniuliza swali kama lenu nilikuwa namjibu kwa mkato, ujuzi wa mnyama uko mkononi, hautiwi kwenye PDF. Hata hili jibu nilikaa kuliandika kwa nia hiyo hiyo, niwaambie wenzangu wafugaji, wauza chakula cha mifugo, wakata kucha, muacheni huyo mtandao.

Lakini hebu nikae na haki. Ile ile miaka mitatu kuna kitu nilikuwa nauza na nilikuwa sikihesabu. Fomu yangu. Ile karatasi ambayo mteja anaijaza akileta paka, anakula nini na saa ngapi, akiogopa anajificha wapi, kahasiwa hajahasiwa, chanjo lini, daktari wake nani, na swali la mwisho, "ukiwa ndegeni simu haipatikani, nani ataamua?" Hilo la mwisho lilitoka kwenye msiba, paka dume mkojo ulimziba na mwenyewe yuko angani, na mkojo ukiziba hungoji kesho. Siku moja dada anayelea paka huko Jambiani akaniomba hiyo fomu, nkamuuzia 10,000 kwa utani, akalipa. Akaja wa Nungwi. Akaja mmoja wa Mombasa sijui kanipata wapi. Nikatia na karatasi ya pili, mambo ya kufanya siku tatu za mwanzo: paka mgeni mpe kanga au fulana ya mwenyewe isiyofuliwa alalie, andika anachokula kila mlo, na akigoma kula siku mbili, hasa paka mnene, usiseme atazoea, mpeleke kwa daktari maana ini linaanza kuharibika. Hadi leo sijapigiwa simu usiku kwa sababu ya fomu.

Kwa hiyo nnavyoandika hapa naona kama nilikasirikia kitu sicho. Paka wa Mwanakwerekwe hakuponzwa na PDF hivi hivi, kaponzwa na mie kutia kipimo cha dawa kwenye karatasi inayoweza kukatwa vipande. Au niseme tumeponzwa wote. Maana pia nafikiria kama pale pangekuwa hakuna kitabu, yule mama angemuuliza nani? Jirani. Na jirani angemwambia nini? Dawa ile ile ya mbuzi. Sijui. Hapo bado sina uhakika na msininukuu.

Nnalolijua ni kwamba hela kuingia umelala kwa kazi yetu hii mie sijaiona. Kila niliyemuuzia fomu ananiuliza swali, na nisipojibu nahisi vibaya, saa 5 usiku niko kwenye simu nasikiliza sauti ya paka anayepiga chafya Kendwa. Sasa nina grupu la malipo, 3,000 kwa mwezi, watu 31, unauliza najibu kwa sauti, na sauti haina ukurasa wa kukata. Ukipiga hesabu ni hela ya umeme na dagaa, si zaidi.

Na niseme ukweli wote, kitabu nimeanza kukiandika upya. Nilikuwa sitaki kusema lakini nshaandika sana hapa. Hiki ni cha paka peke yake, neno PAKA liko juu ya kila ukurasa na katikati kwa maandishi ya kivuli, na namba yangu chini ya kila ukurasa ili hata ukikata kipande unipate. Vipimo vya dawa hamna hata kimoja. Kuna ukurasa mzima wa pilau ya Idd na kwa nini vitunguu na thomu si vya paka. Sijajua ntauza bei gani. Yule mama wa Mwanakwerekwe keshasikia, kanipigia juzi anataka nakala yake, na anataka ya bure, na mie sijui ntamkataliaje.

Msomaji wenu, Fuoni, Unguja