Maswali Yenu: Dira, Tangi na Namba ya Saa Tisa Usiku

Juu ya dira yangu ya zamani wamefunga kidude cheusi chenye antena, na msoma dira haji tena. Mwezi uliopita nililetewa bili ya uniti 11, mwezi huu uniti 110. Nyumbani tuko watu watano. Dira inaweza kudanganya?
*Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Inaweza, mama, lakini hapa tunaushuku zaidi usomaji kuliko dira. Angalia hesabu yenyewe: kutoka 11 hadi 110 ni mara kumi kamili, na bomba linalovuja halina adabu ya kuzidisha kwa kumi kamili. Kidude hicho huhesabu mapigo yanayotoka kwenye dira. Dira nyingine hutoa pigo moja kwa kila lita, nyingine kwa kila lita 10. Fundi akifunga kidude kwenye dira ya lita 1 halafu ofisini wakaandika lita 10, kila ndoo yako moja inakuwa kumi.

Fungua kifuniko usome tarakimu nyeusi pekee, hizo ndizo uniti. Nyekundu ni lita. Linganisha na "usomaji wa sasa" ulioandikwa kwenye bili. Zikipishana, piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya dira, uipeleke ofisini. Kisheria na kiufundi kinachopima ni dira. Kidude ni tarishi tu.

Zikilingana, funga koki zote za ndani na utazame kile kigurudumu kidogo katikati ya uso wa dira. Kikizunguka, maji yanatoka upande wako: choo cha kuvuta, boya la simtanki, au bomba lililo ardhini. Kikitulia, jaza ndoo tano za lita 20. Dira iongezeke lita 100, na ikipishana kwa lita mbili tatu si neno, maana ndoo zetu nazo hazina lita 20 kamili. Kumbuka pia kwamba uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Uniti 110 ni madumu 5,500 kwa mwezi. Kwa watu watano mngekuwa mnafua mtaa mzima.

Kuna na suala la hewa. Kwenye maeneo ya mgao, maji yakirudi husukuma hewa iliyojaa kwenye bomba, na dira ya kuzunguka huihesabu kama maji. Usifungue koki dakika za mwanzo kwa shangwe ya kusikia bomba likikoroma.

Mamlaka yetu ni ndogo, ina wateja 2,400. Zaidi ya theluthi moja ya maji tunayozalisha hatuyalipwi. Wauzaji wanatuletea programu za kila aina, mmoja anasema akili mnemba itaona mivujo yote. Bajeti ni ndogo. Tuanzie wapi?
*Fundi, Mkoa wa Tanga*

Anzeni na dira kubwa moja na kalamu. Programu yoyote ya kutafuta mivujo hulishwa namba za mtiririko na msukumo. Msipokuwa nazo mtakuwa mmenunua kioo cha kupambia ofisi. Mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, ikashuka hadi karibu asilimia 6 katika miaka kama 15. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kabla simu janja hazijaenea: kila mteja kuwa na dira, daftari la wateja kusafishwa, mabomba mabovu kubadilishwa.

Chagueni eneo la nyumba 500 hadi 700 linaloweza kulishwa na bomba moja. Mlangoni fungeni dira ya sumakuumeme yenye kirekodi cha data. Hapa ndipo wengi huharibu. Dira hiyo inataka bomba lililonyooka, lisilo na kona wala valvu, urefu wa kipenyo mara tano kabla yake na mara tatu baada yake. Kwa bomba la milimita 150 ni sentimita 75 kabla ya dira na 45 baada yake. Bomba liwe limejaa maji muda wote, na kama ni la plastiki, dira iwe na pete za kuunganisha na ardhi, la sivyo itasoma ovyo. Kirekodi kikituma data kwa laini ya simu, antena isizikwe chini ya kifuniko cha chuma, maana mawimbi hayapiti.

Halafu thibitisheni kwamba eneo limefungika kweli. Usiku fungeni valvu ya mlangoni na mfungue tundu la zimamoto au bomba la kusafishia laini. Geji ya msukumo ishuke hadi sifuri. Ikigoma, kuna valvu ya mpakani mnayoamini imefungwa na kumbe inapitisha maji ya jirani. Msiendelee kabla ya kuipata, kwa sababu hesabu zote zitakazofuata zitakuwa uongo.

Sasa tazameni mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Tuseme eneo lina nyumba 600 na saa tisa mnasoma uniti 9 kwa saa. Kadirieni lita 2 kwa saa kwa kila nyumba kwa matumizi ya kawaida ya usiku: uniti 1.2. Zilizobaki 7.8 zinavuja. Usizidishe kwa saa 24; mchana msukumo hushuka na mvujo nao hupungua, kwa hiyo zidisheni kwa 20 hivi. Ni uniti 156 kwa siku, kutoka eneo moja.

Tahadhari moja ya kwetu: simtanki. Palipo na mgao, matangi ya nyumbani hujaa usiku na namba ya saa tisa huvimba bila mvujo wowote. Lisheni eneo hilo mfululizo kwa siku tatu au nne, matangi yajae, ndipo muisome.

Kutafuta mahali penyewe ni kazi ya usiku mmoja. Funga geti valvu moja moja, kuanzia mwisho wa laini kurudi mlangoni, ukiacha dakika 15 kati yake, mwenzako akisoma dira. Ukifunga mtaa wa nyumba 40 na mtiririko ukaanguka kwa uniti 3.5, umempata mgonjwa. Ndipo mpeleke fimbo ya kusikilizia. Bomba la chuma hupiga kelele mbali, la plastiki hunong'ona, kwa hiyo sikilizeni kila mita chache.

Na kabla hamjachimba popote, punguzeni msukumo wa usiku. Ukishusha kutoka bari 6 hadi 3, tundu kwenye bomba la chuma hupunguza mvujo kwa karibu asilimia 30. Ufa kwenye plastiki hujifunga zaidi, na mvujo unaweza kupungua nusu au kuzidi. Valvu ya kupunguza msukumo haihitaji intaneti.

Ramani ya mabomba mnaweza kuichora kwa simu na programu ya bure kama QField. Anzeni na valvu. Fundi mzee anayejua zilipo atastaafu nazo kichwani.

Tangi letu la lita 50,000 liko kilomita tatu kutoka kisimani. Mlinzi hupiga simu likijaa, akipitiwa na usingizi maji yanamwagika. Tumeshauriwa tuweke mtambo wa kuwasha na kuzima pampu kwa mtandao wa simu.
*Katibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii*

Kabla ya kutoa fedha, ulizeni kama njia isiyo na simu inawatosha. Fungeni valvu ya boya kwenye bomba linaloingia tangini, na swichi ya msukumo kwenye pampu. Tangi likijaa, boya linafunga, msukumo unapanda, pampu inazima yenyewe. Boya liwe la kufunga polepole. Likifunga ghafla, kilomita tatu za maji zinazokimbia zitapiga bomba kama nyundo.

Mkiamua mtambo, kihisi cha kina cha maji hutuma kipimo chake kwa waya, kama mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Kikiwa cha mita 4, tangi tupu husoma 4, maji ya mita mbili husoma 12, mita nne husoma 20. Wameanza na 4 kwa makusudi: ikisomeka 0, waya umekatika, tangi halijaisha. Mlipeni fundi anayejua tofauti hiyo.

Kosa linalotuudhi zaidi ni mtambo unaosubiri ujumbe wa "zima". Mtandao ukikatika, ujumbe haufiki na maji yanamwagika kama zamani, safari hii kwa gharama kubwa. Mtambo upangwe hivi: tangi litume hali yake kila dakika 5, na pampu isipopata habari kwa dakika 15 ijizime. Iwake maji yakishuka hadi asilimia 60 na izime kwenye 95. Nafasi kati ya viwango hivyo viwili ikiwa ndogo mno, pampu itawaka na kuzima mpaka mota iungue. Kisimani kuwe na kinga ya pampu kuzunguka kavu, na pande zote mbili kuwe na kinga ya radi.

Nyumba yangu ya kupangisha ilifungwa tangu Septemba 2024. Sasa nimepata mpangaji, na dira ya maji ya kulipia kabla inakataa kila tokeni.
*Msomaji, Dodoma*

Kama tokeni yako ina tarakimu 20, huenda dira inatumia mfumo uleule wa mita za umeme. Mfumo huo ulihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na hesabu ikajaa Novemba 24, 2024. Dira ambayo haikuwekewa ufunguo mpya haikubali tokeni zilizotolewa baada ya hapo. Omba ofisini tokeni mbili za ufunguo, uziingize kwa mpangilio waliokupa, kisha ile uliyonunua. Usinunue nyingine. Dira zisizotumia mfumo huo hazihusiki na hili.

Mitambo ya maji ikiunganishwa na intaneti, wahuni hawawezi kuichezea?
*Msomaji, Mombasa*

Wamewahi. Novemba 2023, huko Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, wadukuzi waliingia kwenye kidhibiti cha kituo cha kuongeza msukumo. Vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na nywila 1111, na vingi viliachwa hivyohivyo, vikionekana waziwazi kwenye intaneti. Kengele ililia, wafanyakazi wakahamia kuendesha kwa mkono, maji hayakukatika.

Kwa hiyo waulizeni kampuni yenu mambo mawili. Je, nywila za kiwandani zimebadilishwa na vidhibiti vimeondolewa kwenye intaneti ya wazi? Na je, mara ya mwisho wafanyakazi kuendesha pampu na dawa ya klorini kwa mkono, skrini zikiwa zimezimwa, ilikuwa lini?