Usimfukuze Mwenye Jezi Kama Yako

Wadogo zangu, nimenyamaza muda mrefu kwa sababu mzee akisema sana huambiwa magoti yake ndiyo yanayomuumiza. Lakini Jumapili iliyopita, barabara ya Jinja, nimeona timu ya baiskeli ya vijana watano wazuri ikijimaliza yenyewe. Mmoja alikuwa ametoroka na wapinzani wawili. Nyuma, aliyeongoza kundi kumfukuza, kainama, ulimi nje, alikuwa mwenzake. Jezi moja, meneja mmoja, sufuria moja ya posho. Baadaye nikamuuliza huyo aliyefukuza kwa nini. Akanijibu, "Kaka, leo miguu ilikuwa inaitika."

Haya. Kukanyaga mnajua, sitawafundisha. Nataka kusema habari ya uongozi na ugomvi wa ndani ya timu, na nitaweka namba ili mtu asije kusema hakuelewa.

1. Kiongozi atajwe usiku wa kuamkia hatua ya kwanza, yaani siku ya kwanza ya mbio, mezani, watu wote wakisikia, fundi wa baiskeli akiwemo. Asitajwe kwenye korido, wala kwa meseji, wala kwa kukonyezana. Mnaowaona kwenye televisheni wamewahi kuumizana kwa jambo hili hili. Mwaka 1985, kwenye Tour de France, Bernard Hinault na Greg LeMond walikuwa timu moja, La Vie Claire. Hinault alikuwa na jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, na pua iliyovunjika kwa kuanguka. Siku ya kupanda Luz Ardiden, LeMond alikuwa mbele na miguu ipo, akaambiwa asivute, yaani asikae mbele akikata upepo na kuongeza mwendo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliambiwa pengo kati yake na Hinault ni dogo kuliko lilivyokuwa kweli. Akatii, Hinault akachukua Tour yake ya tano, LeMond akawa wa pili kwa dakika 1 na sekunde 42. Hinault akamwahidi: mwakani nitakusaidia wewe.

Mwakani ukafika. Kwenye hatua ya kwenda Pau, Hinault akaondoka na Pedro Delgado, akamwachia LeMond zaidi ya dakika nne. Kesho yake akashambulia tena, kwenye mteremko wa Tourmalet. Bahati ya LeMond ni kwamba mzee aliishiwa kwenye mlima wa Superbagnères. Mwisho wake mnaujua, wamefika Alpe d'Huez wawili, wameshikana mikono, wanatabasamu kama wapambe wa harusi, na LeMond akashinda Tour ya 1986 kwa dakika 3 na sekunde 10. Hinault husema alikuwa anawachosha wapinzani kwa faida ya LeMond. Mimi simwamini. Anayekusaidia hakuachi dakika nne halafu akarudia asubuhi. Hata hivyo lawama kubwa naiweka kwa wenye timu, walioacha wanaume wawili wakimbie Ufaransa nzima kila mmoja akiamini yeye ndiye bosi.

2. Kula kabla hujasikia njaa. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ya kando ya barabara ni ya baada ya mazoezi, si ya kilomita ya tisini.

3. Ukiambiwa usubiri, subiri, lakini jioni uliza malipo yako ni lini. Tumtazame Chris Froome, kwa kuwa mtu huyu kazaliwa Nairobi na kajifunza baiskeli ya mashindano kwa David Kinjah, nje kidogo ya mji, kwa hiyo hapana kisingizio kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa mbali. Vuelta ya 2011, mbio kubwa ya Hispania, alikwenda kumtumikia Bradley Wiggins. Katikati ya mbio akavaa jezi nyekundu ya kiongozi baada ya mbio dhidi ya saa, na kesho yake akarudi kuvuta kwa ajili ya Wiggins, jezi ikaondoka. Mwisho akawa wa pili nyuma ya Juan José Cobo kwa sekunde 13. Sekunde 13 ni muda unaoupoteza hapa kwetu ukimsubiri boda boda mmoja avuke. Cobo alinyang'anywa ushindi mwaka 2019 kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, Froome akapewa. Lakini kombe la miaka minane baadaye halina mtu wa kupiga makofi barabarani.

Mwaka uliofuata, kwenye Tour, alikuwa bora kuliko Wiggins milimani na kila mwenye macho aliona. Akipanda La Toussuire akaondoka, Wiggins akabaki, redio ikalia sikioni, akapunguza. Akamaliza wa pili. Wengi walimwita mjinga. Mwaka 2013 timu ilikuwa yake, akashinda, kisha 2015, 2016 na 2017. Utii wake ulilipwa kwa sababu deni lilijulikana. Ukitii bila mtu yeyote kujua kwamba unatii, wataandika tu kwamba ulichoka.

4. Ubao. Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika, na mke wangu ameniambia nisiandike.

Zilikuwa mbio za hatua, jina tuliache. Siku hiyo tulitoka Mbale, tukapitia Sironko, tumalizie juu Kapchorwa. Mimi nilikuwa kapteni. Nilikuwa kapteni kwa umri, na kwa sababu nilikuwa na magurudumu ya kaboni ya mtumba ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kwenye timu kulikuwa na dogo mmoja mgeni. Asubuhi mikono yake ilikuwa inatetemeka hata akashindwa kujibandika namba mgongoni, nikambandikia mimi, pini nne, nikazilaza vizuri zisipigwe na upepo. Kwenye msimamo wa jumla nilikuwa nimemzidi kidogo sana.

Hatujatoka hata Mbale vizuri, dogo akatoroka na wengine wawili. Tukamwacha aende. Pengo likakua. Ile pikipiki ya ubao ikarudi nyuma kutuonyesha muda, na chini ya muda, namba za walioko mbele. Ile ya katikati niliibandika mwenyewe. Nikapiga hesabu: kwa pengo lile, kiongozi wa timu hakuwa mimi tena. Alikuwa yule mtoto wa pini.

Nikaenda mbele ya kundi nikaanza kuvuta.

Sikuvuta kidogo. Nilivuta kama mtu aliyeajiriwa, tambarare yote, kichwa kwenye usukani, na timu tunayoshindana nayo imekaa nyuma yangu inapumzika. Kapteni wao akanisogelea, akanipa chupa yake ya maji, akanigonga mgongoni. Nikajiona mtu mkubwa. Wadogo zangu, mpinzani akikupa maji, angalia vizuri unamfukuza nani.

Tulipofika chini ya mlima wa kwenda Sipi pengo lilikuwa limebaki nusu. Wapinzani wakaondoka kana kwamba mimi nimesimama. Miguu yangu ilikuwa imebaki Sironko. Wakamshika dogo kabla ya Sipi, naye alikuwa peke yake, hana wa kumpelekea hata gurudumu, kwa sababu aliyepaswa kuwa hapo ni mimi. Yeye akapoteza, mimi nikapoteza, timu ikashuka na hoteli ikatuhudumia chakula baridi.

Usiku meneja akauliza, "Hukuona ni nani aliyekuwa mbele?" Nikasema sikuuona ubao, mvua iliufuta. Kweli mvua ilikuwa imenyunya, kwa hiyo watu wakakubali. Dogo akanisogezea kiti akasema, "Pole, kaka." Hilo "pole" sikulipenda.

Miaka ikapita, tukakutana msibani Tororo. Nikaona afadhali niseme. Nikamwambia ubao niliuona. Akacheka kidogo. Akasema alijua tangu jioni ile, kwa sababu pikipiki ilikuwa imepita kwake kwanza, mvua ikinyesha, na maandishi hayakuwa ya chaki. Yalikuwa ya rangi. Hata maji ya mto yasingeyafuta. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa nini nilifanya vile? Sikuwa na chuki naye. Niliogopa kuamka kesho nikiwa mchota maji wa mtoto niliyembandikia namba. Hofu hiyo mtaipata wote, hasa ninyi mnaojiita makapteni mkiwa na miaka ishirini na miwili. Ikija, nenda nyuma ya kundi. Jifanye una panchari. Fanya lolote, ila usivute.

5. Sheria yenyewe, kwa wanaopenda kifupi: mwenzako akiwa mbele, wewe kaa gurudumu la pili au la tatu, usichukue zamu ya kuvuta, na kila anayejaribu kumfuata mfuate mgongoni. Akilalamika kwamba humsaidii, mpe pole.

6. Upepo wa ubavu ukianza, uwe mbele kabla ya kona, siyo baada yake. Kwenye Tour ya 2009, Alberto Contador aliachwa nyuma kundi lilipokatika njiani kwenda La Grande-Motte, na katika kundi la mbele alikuwepo Lance Armstrong, wa timu yake mwenyewe, Astana. Contador alishinda Tour ile hata hivyo, na waliokuwa timu hiyo wanasimulia meza ya chakula iliyokuwa na baridi wiki tatu. Mambo ya Armstrong na dawa nayajua, msiniandikie.

7. Mchota maji, yaani anayemtumikia kiongozi, naye ana siku yake. Sepp Kuss aliendesha mbio zote tatu kubwa za 2023: Giro ya Italia alimsaidia Primož Roglič akashinda, Tour akamsaidia Jonas Vingegaard akashinda. Kwenye Vuelta jezi nyekundu ikamwangukia yeye. Mabwana hao wawili, ambao maji yao aliyabeba mwaka mzima, wakamwacha kwenye mlima wa Angliru. Aliyemvuta hadi juu ni Mikel Landa wa timu nyingine. Alibakiwa na jezi kwa sekunde nane. Watu walikasirika dunia nzima, na hapo ndipo timu ilipotangaza waziwazi kwamba sasa wote ni wa Kuss. Akashinda kwa sekunde 17. Tangazo hilo lilipaswa kutolewa kabla ya Angliru. Mnaona narudi namba moja, basi narudi, kwa kuwa hamsikii.

8. Bahasha. Mshindi wa Tour hupewa yuro 500,000, na kwa desturi yao fedha za ushindi huingia kwenye chungu cha timu, zikagawiwa waliovuta na waliohudumia. Yetu ni bahasha ya shilingi, tena mara nyingine huchelewa, lakini ifunguliwe mezani. Fundi aliyelala saa saba usiku akisafisha cheni zenu ahesabiwe. Na yule kijana wa Jumapili aliyetoroka naye apewe sehemu yake wakati huu, ila aipokee kwa mkono wa yule aliyekuwa anamfukuza.