Kufundishana kuandika nota kwa kompyuta: jibu kwa mdau wa Iringa kutoka huku Mbeya

Kamwene mkuu. Nimesoma maelezo yako yote. Kwa atakayeingia hapa bila kuyaona: mwenzetu yupo Iringa mjini, ana walimu wa kwaya na wapiga kinanda wa makanisa tofauti, wengine Kihesa wengine Ipogolo, anataka awakusanye wafundishane kuandika nota kwenye kompyuta. Anauliza watumie programu ipi, wakutane lini na wapi, na kama atoze hela. Ratiba aliyoichora ni siku mbili, ya kwanza nadharia na kuonyesha menyu kwa projekta, ya pili ndo mazoezi.

Hiyo siku ya kwanza ifute mkuu. Huku Mbeya tunakutana na kikundi cha watu wa aina hiyohiyo na sharti letu ni moja, kila anayekuja aje na wimbo wake kwenye karatasi, na asirudi nyumbani bila kuuona umechapwa, hata kama ni kiitikio na beti moja tu. Mwalimu wa kwaya ana kauntabuku limejaa nyimbo za solfa (zile do re mi) za miaka na miaka, shida inayomleta ni kwamba likilowa au likiazimwa lisirudi basi nyimbo zimeenda, na kwaya ya jirani wakimuomba nota inabidi akae aandike upya kwa mkono usiku mzima. Sasa mtu wa hivyo ukimuwekea projekta umuonyeshe menyu moja baada ya nyingine mpaka saa sita mchana, kesho yake hamuoni.

Nikupe picha ya inavyokwenda. Tunakaa wawiliwawili kwenye laptop moja, na tunawapanga makusudi, mzee anayejua muziki na kijana anayejua kompyuta. Alikuja mzee mmoja mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Rungwe, yeye anasoma solfa kwenye daftari kwa sauti, do, do, mi, so, kijana anabonyeza. Wakamaliza baa nane (vile vipande vya wimbo vinavyotengwa na vijistari vya wima) za sauti zote nne wakapiga play, mzee akasikiliza kidogo akauliza, "Hawa teno wangu wamekuwa wanawake?" Chumba kizima kicheko. Kumbe kijana alifungua stafu tupu (ile mistari mitano ya nota) akaweka klefu ya G ya kawaida (ile alama ya mwanzo wa mstari inayosema noti ipi inakaa wapi) kwenye teno, kwa hiyo teno ikaimba oktavo nzima (kutoka do moja mpaka do inayofuata) juu ya inavyotakiwa, ikawa inagombania nafasi na soprano. Klefu ya teno ni ile ya G yenye kanamba 8 kadogo chini yake. Wakabadilisha, wakapiga tena, mzee akatikisa kichwa kukubali alafu akasema besi baa ya tatu siyo, turudi, na kweli ilikuwa siyo. Ndani ya dakika chache watu walioshuhudia wamejua klefu, oktavo, na namna ya kurekebisha noti, na hakuna aliyepigwa lekcha.

Ndo maana nashauri waanzie kwenye templeti, yaani faili lililopangwa tayari. MuseScore, programu ya kuandika nota nitakayokushauri, ina templeti ya SATB (soprano, alto, teno na besi), stafu nne na teno imeshawekewa klefu yake, na ipo nyingine ya stafu mbili, soprano na alto juu, teno na besi chini, na zote mbili zipo pia zenye kinanda chini yake. Wengi wa kwetu wamezoea hiyo ya stafu mbili kwa sababu inaokoa karatasi, ila mgeni mpe ya stafu nne kwanza. Kwenye stafu mbili inabidi aelewe mambo ya sauti ya kwanza na sauti ya pili ndani ya stafu moja, ile bluu na ile kijani, na hapo ndo watu wanapotea wanaandika alto yote kama sauti ya kwanza, alto na soprano zinashika kijiti kimoja, nota inakuwa vurugu.

Suala la solfa ni kubwa kuliko programu yenyewe. Wengi watakaokuja, hasa upande wa Walutheri na Wamoraviani, wanasoma solfa vizuri sana kuliko mimi na wewe ila stafu inawatisha. Usiwaambie wasahau solfa. Waambie hivi, daftari lako limeandika Do ni G, basi weka shapu moja (alama ya #) mwanzo wa mstari na kila unaposema do andika G, zingine zinafuata mpangilio. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, kwenye sifa za stafu MuseScore inakuruhusu vichwa vya noti viandikwe do re mi ndani yake, na unachagua ile do inayohama na ki (key) ya wimbo, siyo ile iliyogandishwa kwenye C. Mzee anaona stafu lakini anasoma solfa yake, anakagua mwenyewe. Akishamaliza kukagua unarudisha vichwa vya kawaida unachapa.

Sasa programu ipi. Najua hapo Iringa kama hapa wakongwe wengi ni watu wa Finale, ile programu ya nota ya zamani, na Finale imetufikisha mbali sitaki kuisema vibaya, ila Agosti 2024 wenyewe MakeMusic walitangaza kwamba wameacha kuiendeleza, baada ya miaka zaidi ya 35. Ile iliyopo kwenye mashine ya mtu itaendelea kufanya kazi mpaka siku laptop ife au Windows ibadilike ikatae. Na tuseme ukweli, nyingi zilizopo huku ni za kukreki, zimekuja kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Kuanzisha kikundi kipya leo kwa Finale ni kuwatafutia watu kazi ya kuhama baadae. MuseScore ni ya bure kabisa, kihalali, inaingia Windows, Mac na Linux. Sibelius na Dorico ni nzuri lakini toleo kamili ni la hela ambazo kwaya itakuambia bora tununue sare.

Wakongwe wa Finale usiwaache pembeni maana ndo wanajua muziki. Kitu cha kwanza wafundishe kutoa nyimbo zao zote kama MusicXML (aina ya faili inayosomwa na programu tofauti za nota) wakati Finale yao bado inafunguka, moja moja, hata ichukue wiki. MuseScore inasoma MusicXML. Mpangilio wa kurasa utavurugika kidogo ila noti na maneno yanakuja. Watakachofurahi ni kwamba namba za urefu wa noti ni zilezile walizozoea kwenye Speedy Entry, njia ya Finale ya kuandika noti haraka kwa kibodi, 5 krocheti, 6 minimu, 4 kweva, kwa hiyo vidole havianzi upya.

Toleo gani la MuseScore nalo lina maneno yake. Toleo la 4 lilitoka Desemba 2022 na linataka mashine ya 64-bit, na kwenye laptop chovu lenye RAM ndogo linaburuta mpaka unakata tamaa. Laptop za hivyo wawekee la 3. Ila sasa faili lililoandikwa kwenye 4 halifunguki kwenye 3, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mkubaliane mnapotumiana nyimbo kwenye kikundi mnatuma MusicXML pamoja na PDF, la sivyo kila wiki utakuwa na mtu analalamika faili bovu. Zile Muse Sounds (sauti za ala za MuseScore 4) zinazosifiwa mtandaoni achaneni nazo kwanza, zinashushwa kwa magigabaiti, bando la mwezi linaisha kabla hujasikia violini. Sauti iliyokuja na programu inatosha kukagua wimbo.

Kuhusu kuinstoo, ifanyike kabla ya siku yenyewe. Weka faili za matoleo yote mawili kwenye flashi mbili tatu, watu wapite kwako au kwa mwenzako jioni za wiki hiyo. Flashi za washiriki zisichomekwe hovyo, vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati bado vipo huku kwetu vimejaa. Sisi kuna laptop moja ina Linux, flashi yoyote ngeni inapita pale kwanza.

Maneno ya wimbo yape muda wa kutosha, watu huwa wanayadharau. Ctrl+L kwenye noti ya kwanza, speisi inakupeleka noti inayofuata, kistari kinakata silabi, na silabi inayovutwa juu ya noti kadhaa unatumia kile kistari cha chini. Hiyo ni rahisi. Ishu ni wapi unakata. Nimeona nota nyingi mtu kaandika Mun-gu na im-ba, wakati mwimbaji anaimba Mu-ngu na i-mba, akisoma Mun anafunga mdomo kabla ya wakati na noti ndefu inageuka mguno. Na ile m ya mtu au mkate ni silabi inayojitegemea, inataka noti yake. Ukiwa na mwalimu wa Kiswahili kwenye kikundi mpe hiyo nusu saa aichukue yeye.

Kitakachowarudisha watu wiki zinazofuata ni rekodi za sauti moja moja. Kwenye mixa unapunguza sauti zingine unaacha alto juu, unatoa MP3, unatuma kwenye grupu la WhatsApp la alto, mpaka siku ya mazoezi wanakuja wimbo wanaujua. Dada mmoja mwalimu wa kwaya hapa Uyole alivyoliona hilo aliniambia asingenisumbua na kitu kingine chochote, hilo tu. Wiki iliyofuata alileta walimu wawili.

Siku ya kukutana piga hesabu vizuri. Jumamosi unawakosa Wasabato, na huku nyanda za juu ni wengi na wana wapiga kinanda wazuri. Jumapili asubuhi hakuna mtu. Sisi tumeishia Jumapili kuanzia saa nane mchana, na sikukuu za serikali ndo tunafanya ya siku nzima. Nane Nane usiguse kama unategemea watu wa Mbeya, wiki ile maonyesho yapo John Mwakangale na mji mzima unaelekea huko. Wiki za mwisho kabla ya Pasaka na Krismasi sahau, kila mwalimu ana mazoezi kila jioni. Na wa mbali wafikirie, mtu wa Tukuyu au Vwawa anataka awahi Costa, wewe huko utakuwa na watu wa Mafinga na Kilolo, malizeni jua bado lipo.

Mahali, jitahidi pasiwe ukumbi wa kanisa moja kila mara. Hata mkiwa wema vipi kitaanza kuitwa kikundi cha wale, na wengine watapungua taratibu bila kusema. Chumba cha kompyuta cha shule ni kizuri, au mzungushe. Angalia soketi na extension mapema kwa sababu nusu ya laptop zitakazokuja betri zake zimekufa, na umeme ukikatika zinazima zote kwa mpigo, kwa hiyo wafundishe Ctrl+S kabla ya kitu kingine chochote. Masika yetu yanaanza Novemba Desemba hivi mpaka Aprili, ukumbi wa bati usio na dari mvua ikishuka hamsikii kitu, mnakaa mnaangalia noti kama picha. Beba hedifoni.

Hela. Ukitangaza semina, watu watauliza posho na chakula, ndo tulivyozoeshwa. Sisi tunasema tunakutana kufundishana na kila mtu anachanga kidogo cha mafuta ya jenereta, karatasi na chai. Usitoze ada kubwa mwanzoni ila usifanye bure kabisa pia, aliyechanga hata elfu mbili anakuja kwa wakati. Mwanakwaya aliyetumwa na kwaya yake iache kwaya imchangie, akirudi watamdai matokeo. Cheti wataomba, sisi hatutoi, tunachapa wimbo wa kila mtu steshenari, jina la mtunzi juu kulia na mwaka aliotunga. Hapo pia muwe wakali, mtu akileta wimbo wa mwingine jina la mtunzi linabaki, na kama yupo hai apigiwe simu kabla hamjausambaza.

Steshenari hawana MuseScore, peleka PDF, na kabla ya kuitoa hakikisha karatasi imewekwa A4 maana mara nyingine inakuja Letter na mstari wa besi wa mwisho unaliwa.

Grupu la WhatsApp la kikundi lina sheria mbili tu kwetu, anayeuliza swali atume faili lenyewe siyo picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, na zile meseji za sambaza kwa watu kumi utabarikiwa zina grupu lake. Ya kwanza inafuatwa. Ya pili tunaendelea kupambana nayo.

Ukitaka lile faili la mfano tunaloanzia, la baa nane zenye makosa tuliyoyaweka makusudi ili watu wayatafute, nicheki PM useme mashine zenu zina toleo la 3 au la 4.