Kukunja kona ya melamini bila kuacha mstari

Mteja akitaka stendi ya TV ambayo mistari ya mbao inapita juu na kushuka ubavuni bila kukatika, mkunjie kona. Bodi ya melamini, yaani chipubodi iliyobandikwa karatasi ngumu yenye mchoro, inalazwa kifudifudi, inachimbwa mfereji wa umbo la V hadi karibu na uso, inapakwa gundi, kisha inakunjwa.

Wengi hukwama kwa kudhani karatasi ya melamini itakunjika yenyewe. Haikunjiki, inapasuka. Ngozi ya PVC, yaani ya plastiki, inakubali kukunjwa. Melamini ni kavu mno, kwa hiyo kazi ya bawaba ifanywe na tepu. Futa vumbi usoni, bandika selotepu pana ya katoni juu ya mstari wa kona, ikandamize vizuri kwa kitambaa, ndipo ugeuze bodi na kuchimba kwa ruta, mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao, mpaka ncha yake iguse tepu bila kuikata.

Kwa bodi ya milimita 18, mfereji wa nyuzi 90 una upana wa milimita 36 kwa nyuma. Ukipima ukakuta pungufu, hujafika chini. Vipimo vyote vya nje hesabu kutoka kwenye ncha ya V. Na bodi iliyopinda usiiguse kabla ya kuibana mezani, maana ruta hufuata mgongo wake: hapa inakata tepu, pale inaacha unene. Mimi hupenda V iliyofunguka kidogo kupita 90, ili uso ufunge kwanza na gundi ipate pa kukaa.

Huna ruta? Laza msumeno wa meza nyuzi 45, kata vipande viwili kutoka bodi moja, viunganishe kwa tepu ncha kwa ncha. Meno yatakula milimita chache za mchoro. Kwenye rangi moja hakuna atakayejua.

Chipubodi inakunywa gundi. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, subiri dakika chache, paka tena. Kunja, weka skwea (kipimo cha pembe ya nyuzi 90), funga kwa tepu, acha hadi kesho. Tepu usiivute kwenda juu. Irudishe juu ya mgongo wake taratibu, la sivyo inaondoka na melamini.

Ncha ya kona hii ni kali na hubanduka ikigongwa. Kona za chini, zinazokutana na fagio na ndala kila siku, bado naziwekea ejing, yaani ukanda wa kufunika ukingo, ya PVC ya milimita 2, na mteja namwambia kabla hajatoa advansi.