Selotepu kwenye jino la B21

SWALI: Shikamoo fundi. Baba mdogo kaniachia kompyuta yake ya zamani, ndani ina prosesa ya Celeron 300A, ile ya kuchomeka kama kadi kwenye Slot 1, yaani sloti ndefu ya prosesa kwenye bodi. Nikiingia kwenye bayosi (menyu ya mipangilio ya bodi) sioni pa kubadili kasi ya basi (njia ya mawasiliano kati ya prosesa na bodi), na kwenye bodi hakuna jampa (kile kiplastiki cha kuunganisha pini) yoyote ya hiyo kazi. Sasa nimesikia eti ukibandika selotepu kwenye prosesa inatoka megahezi 300 inaenda 450, ni kweli au ni stori tu? Na haiwezi kuungua? Mashine naipenda, sitaki kuiua. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa, na hiyo prosesa uliyoachiwa ndiyo yenyewe iliyowapagawisha watu ilipotoka mwezi wa 8 mwaka 1998, iliuzwa dola 149 wakati Pentium II ya 450 iliyotoka kipindi hicho hicho ilikuwa inapita dola 600.

Iko hivi. Kizidishio cha 300A, yaani namba inayozidishwa na kasi ya basi kupata kasi ya prosesa, kimefungwa kwenye 4.5, hukigusi, kwa hiyo basi ikiwa megahezi 66 unapata 300 na basi ikiwa 100 unapata 450. Nani anachagua 66 au 100? Ni bodi, lakini inasikiliza waya mmoja tu unaopita kwenye jino la B21 la ile kadi, yaani mguso wa 21 wa upande wa B. Celeron imeliunganisha hilo jino na ground (sifuri ya umeme), bodi ikiona hivyo inatoa 66. Ukiliziba, bodi haioni ground tena, inajua imechomekewa prosesa ya 100, kwa hiyo inatoa 100. Yaani ndani ya prosesa hujabadilisha kitu, ndio maana naipenda hii njia kuliko kukwangua au kuchomelea waya, ukibandua selotepu mashine inarudi kama alivyoiacha baba mdogo.

Ila anza na bodi kwanza. Angalia ile chipu kubwa iliyo karibu na prosesa, ikiandikwa 82443BX uko vizuri, ikiwa LX au EX achana nayo maana hizo zimetengenezwa kwa 66. Kwenye BX basi ikienda 100 PCI (njia ya kadi za ziada na diski) inagawiwa kwa 3 inabaki 33 kama kawaida, na AGP (njia ya kadi ya picha) inabaki 66, kwa hiyo kadi zako hazijui hata kama kuna kilichobadilika. Waliong'ang'ania basi ya 83 ndio walioumia, pale PCI ilikuwa inapanda mpaka 41 na ushee na hadidiski za watu zikaharibu data. RAM nayo iwe imeandikwa PC100 au PC133, ile ya 66 itakusumbua bure.

Sasa kwenye kuhesabu hapo ndio uwe makini sana. Kila upande una meno 121, na lile pengo liko kati ya la 73 na la 74, kwa hiyo 21 lazima liangukie kwenye kipande kirefu, ukijikuta kwenye kile kifupi jua umeanzia mwisho usio wenyewe na unataka kuziba la 101, acha, anza upya. Tafuta mchoro wa Slot 1 ujue upande wa B ni upi, hesabu mara tatu. Mimi mara ya kwanza nilitumia rangi ya kucha, nikachomeka, nikapata 300 ile ile, kuchomoa nikaona sloti imeikwangua yote. Tangu siku hiyo natumia selotepu nyembamba niliyoikata kwa wembe, upana wa jino moja tu, halafu naipandisha juu kidogo kupita meno ili ncha yake isiingie kwenye sloti ikanasa humo.

Kuungua? Kwa volti 2.0 zile zile za kiwandani sijaona iliyoungua kwa hili tu, isipokubali itakupa kioo cheusi au itaganda, unazima unabandua basi. Lakini joto linapanda, na ile pasta ya kupitisha joto chini ya hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) imeshakauka miaka yote hiyo, ifute upake mpya, na uhakikishe feni inazunguka kweli. Nyingi zilifika 450 bila shida kwa sababu kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya KB 128 imo humo humo ndani ya chipu na inakimbia kasi moja na prosesa, sio kama Pentium II ambayo kache yake ya KB 512 ilikaa pembeni kwenye chipu nyingine na inakimbia nusu. Sio zote lakini, zipo zinazotaka 2.1 au 2.2, na kwa bodi kama yako kupandisha volti maana yake ni kuziba meno mengine zaidi, hapo ukikosea jino moja unaweza kuipa umeme wa kuiua kweli, kwa hiyo yako ikigoma iache na 300 yake.

Kabla ya yote kopi mafaili ya baba mdogo kwenye diski nyingine. Halafu iwashe, iache ifanye kazi nzito usiku kucha, asubuhi ukiikuta haijaganda niandikie bayosi inakuonyesha ngapi.